Kungoja Kiambishi: Modeli za Tarakilishi na Mtiririko wa Usemi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Tafsiri na ukalimani ni kazi mbili tofauti. Mfasiri huwa na matini nzima mezani. Aweza kuisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo, akafuta alichokwisha kuandika. Mkalimani hana fursa hiyo. Usemi humjia neno baada ya neno, naye sharti aanze kunena kabla msemaji hajamaliza. Tofauti hii ndiyo inayoikabili tarakilishi inapotakiwa kuitafsiri hotuba papo hapo. Makala hii inalichunguza suala hilo kwa kuzingatia kitenzi cha Kiswahili, na inadai kwamba kuhesabu maneno si kipimo kifaacho cha kuamua mtambo ungoje kwa muda gani.

2.0 Modeli na mtiririko

Modeli ni mkusanyiko wa nambari ambazo tarakilishi imezirekebisha hatua kwa hatua kwa kuonyeshwa mifano mingi: sauti pamoja na maandishi yake, au sentensi pamoja na tafsiri zake. Mafunzo yakishakamilika, aghalabu nambari hizo hazibadilishwi tena, na modeli hutumiwa jinsi ilivyo. Ikipewa matini kamili, huitazama sentensi yote ndipo ikaamua. Katika mtiririko, hupewa kipande kimoja kidogo, kisha kingine, pasi na kujua kinachofuata. Hapo pana gharama mbili zinazovutana, yaani kuchelewa na kukosea. Mtambo unaongoja sana hukosea kidogo, lakini humwacha msikilizaji nyuma.

Mwaka 2018, Mingbo Ma, Liang Huang na wenzao walitoa mbinu iliyopata umaarufu: mtambo usubiri idadi maalumu ya maneno, kwa mfano matatu, kisha utoe neno moja kwa kila neno linaloingia. Majaribio yao yalihusu Kichina na Kijerumani, kila kimoja na Kiingereza. Kijerumani huweza kukiweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, tatizo ambalo wakalimani wa kesi za Nuremberg walipambana nalo mwaka 1945 na 1946.

3.0 Kitenzi cha Kiswahili

Kwa mtazamo wa haraka, Kiswahili hakina tatizo hilo. Kitenzi huja mapema, na hubeba nafsi na njeo mwanzoni. Hata ukanushi hudhihirika katika silabi ya kwanza, kama katika *hawakuja* na *sitaki*. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba yapo mambo ambayo kitenzi huyaficha mkiani. Chukuliwe mfano wa ushahidi unaotolewa mahakamani:

(a) Mshtakiwa alipiga mlango teke.
(b) Mshtakiwa alipigwa na walinzi.
(c) Mshtakiwa alimpiga mlinzi.

Katika (a) na (b), mtambo unaposikia *mshtakiwa alipi-*, haujui bado kama mshtakiwa ndiye mtenda au mtendwa. Jibu limo katika silabi ya mwisho ya kitenzi, *-ga* au *-gwa*, na tofauti kati yake ni kitamkwa kimoja tu. Mtambo ukiharakisha, aliyepigwa atageuka mpigaji katika masikio ya hakimu. Manukuu ya kwenye skrini yaweza kusahihishwa sekunde moja baadaye. Sauti haiwezi, imekwisha kusikika.

Mfano (c) una faida ambayo (a) na (b) hazina. Kiambishi cha mtendwa *-m-* hutokea kabla ya mzizi, na kwa kawaida hakiandamani na kauli ya kutendwa. Kikisikika, mlango wa kutendwa umefungwa, na mtambo waweza kuendelea bila kungoja mkia. Kutokuwapo kwake nako ni dokezo: Kiswahili hupendelea kumtaja mtendwa binadamu ndani ya kitenzi, kwa hivyo *alipi-* bila *-m-* huelekeza ama kwenye kutendwa, ama kwenye shamirisho isiyo mtu. Mjuzi wa lugha hupima haya yote bila kujua anayapima.

Hapa ndipo kipimo cha maneno kinapoonyesha upungufu. Neno moja kama *hawakumpikia* lina nafsi, ukanushi, njeo, mtendwa, mzizi na kauli ya kutendea. Kungoja maneno matatu ya namna hiyo ni kungoja karibu sentensi tatu, ilhali katika Kiingereza maneno matatu huenda yasifikie hata kitenzi. Ni kweli kwamba modeli nyingi za siku hizi huyakata maneno katika vipande vidogo. Ila ukataji huo hufuata zaidi takwimu za herufi zinazoandamana mara kwa mara, wala si mpaka wa mofimu. Kipande *-pigwa* chaweza kubaki kizima, na *-w-* isipate nafasi yake.

Upande wa kuingiza Kiswahili una ugumu wake pia. Kiingereza hutanguliza kivumishi mbele ya nomino. Mtambo uliosikia kivumishi cha ukubwa hauwezi kusema *mkubwa*, *kikubwa* wala *kubwa* kabla ya kuijua ngeli ya nomino ijayo. Kungoja huko hakuepukiki.

4.0 Lugha ibadilikapo

Jambo la mwisho ni umri wa modeli. Usemi huendelea kutiririka, nayo modeli imebaki siku ilipomaliza mafunzo. Neno *barakoa* lilitumika pwani kwa vazi la kike la kufunika uso. Mwaka 2020 likaenea Afrika Mashariki kwa kifaa cha kujikinga na korona. Modeli iliyofunzwa kwa matini za awali hulisikia neno lilelile, ikalipa maana ya zamani. Kuiruhusu ijifunze yenyewe kutokana na mtiririko huonekana kama suluhisho rahisi, lakini mtiririko huohuo una makosa ya tahajia na matamshi, na modeli haina namna ya kujua lipi ni badiliko na lipi ni kosa. Uamuzi huo hufanywa na msomaji wa Kiswahili anayekaa na rekodi, akiweka alama sentensi baada ya sentensi.