Jinsi ya Kuanza Urefa wa Kandanda

Mechi nyingi za vijana mashinani huchezeshwa na yeyote aliyepatikana asubuhi hiyo, mara nyingi mchezaji wa zamani ambaye hajawahi kufungua kitabu cha sheria. Udhaifu huo huonekana kwanza kwenye kuotea.

Sheria ya 11 inasema kusimama mahali pa kuotea si kosa. Kosa huwa pale mchezaji huyo anapoucheza mpira aliopigiwa na mwenzake, au anapomzuia mpinzani. Mahali alipo huangaliwa mwenzake anapopiga mpira, si yeye anapoupokea. Mabishano mengi huanzia hapo. Ndiyo maana mshika kibendera hukimbia sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa kama mlinzi. Akibaki nyuma hatua mbili, huwa anakisia. Vilevile, hakuna kuotea mpira ukipokewa moja kwa moja kutoka kwa kurusha, kona au mkwaju wa goli.

Sheria zote ni 17 na hurekebishwa karibu kila mwaka, kwa hivyo nakala ya zamani humpotosha refa. Kuanzia msimu wa 2025/26, kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani hupewa kona.

Serikali ya kaunti haitoi vyeti vya urefa. Hiyo ni kazi ya Shirikisho la Soka Kenya (FKF). Mkazi anayetaka kujiunga aulize katika tawi la FKF lililo karibu naye kuhusu kozi ya wanaoanza. Wakati akisubiri, aanze mazoezi ya mbio, na atafute kipenga, saa, kadi, daftari na sarafu ya kurusha kabla ya mechi.

Umri nao una uzito. FIFA haimsajili refa wa kati aliye chini ya miaka 25, wala msaidizi aliye chini ya miaka 23. Anayeanza akiwa na miaka 18 ana muda wa kutosha wa kupanda. Msaidizi wa refa Mary Njoroge wa Kenya alifika Kombe la Dunia la Wanawake mwaka wa 2019 na tena 2023.

Ni vyema kuanza na kibendera katika mechi za watoto. Huko wachezaji hutii upesi. Wazazi walio kando ya uwanja ndio wagumu. Matusi yakizidi, sheria inamruhusu refa kusimamisha mechi, na yaliyotokea huandikwa kwenye ripoti siku hiyo hiyo.