Kiingereza cha Jikoni: Somo la Kijiko



Hapa Thika na Ruiru tunaishi na akina mama waliotoka mbali. Wengine walitoka Nyanza, Magharibi na Ukambani wakifuata kazi za viwanda na mashamba. Wengine walikimbia vita Kongo ya mashariki, Burundi na Sudan Kusini. Wote wanajua kulea, kupika na kuuza. Lakini Kiingereza kinawapiga chenga: fomu ya kliniki, barua ya shule, mkataba wa kazi. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, ila chupa ya dawa haijasoma Katiba!

Kwa nini jikoni?

Mama akiitwa akae kwenye dawati, anakumbuka siku aliyoacha shule. Akiitwa kupika, anakuja akiwa mwalimu. Jambo hili si geni. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos nchini Brazil, Paulo Freire na wenzake waliwafundisha watu wazima wapatao 300 kusoma kwa saa 40 hivi. Mbinu ya Freire ilianza na maneno ya maisha ya watu wenyewe, kama vile tofali. Miaka ya 1970 mbinu hiyo ilienea Kenya kupitia mafunzo ya DELTA ya Anne Hope na Sally Timmel.

Kwetu sisi neno la kuanzia si tofali. Ni kijiko. Na tukiri: hatukulijua hilo tangu mwanzo. Miezi mitatu tulifundisha majina ya mboga. Akina mama wakajua "onion" na "cabbage" vizuri sana, lakini karatasi ya kliniki ikabaki fumbo. Hatua hizi nne ndizo tunazofuata sasa.

1. Pikeni kwanza.
Kila wiki mama mmoja afundishe chakula cha kwao. Juzi ilikuwa sombe, yaani majani ya muhogo. Mama wa kutoka Bukavu alitueleza kwamba lazima yatwangwe na yachemshwe sana, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu. Tukapata maneno matatu: "wash", "pound", "boil". Kila mmoja atamke huku mkono wake ukifanya kazi hiyo. Usiharakishe kutafsiri, acha mkono ueleze.

2. Pimeni.
Wekeni mezani gorogoro, kikombe, kijiko cha chai na kijiko kikubwa cha mezani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; haya, tuhesabu ni haba ngapi. Vijiko vitatu vya chai vinajaza kijiko kikubwa kimoja. Kwa Kiswahili huwa twasema "kijiko" tu, basi. Kwa Kiingereza hivi ni viwili tofauti: "teaspoon" ni mililita 5, na "tablespoon" ni mililita 15.

3. Hamisheni kijiko kutoka sufuriani hadi kwenye dawa.
Siku tuliyopima maji, mama mmoja alinyamaza kabisa, kisha akasema, "Kumbe!" Mtoto wake aliwahi kuandikiwa dawa ya maji, "one teaspoon" mara tatu kwa siku. Yeye akatumia kijiko cha kulia wali. Mtoto alikuwa akipewa dawa mara tatu ya kiasi kilichoandikwa. Kwa bahati alipona, lakini mama huyo hakumwambia mtu hadi siku hiyo. Alikuwa anaona aibu.

Kwa hiyo leteni chupa na pakiti tupu za dawa, zilizooshwa. Tafuteni maneno mliyoyajua jikoni: "spoon", "water", "before", "after", "half". Mwezeshaji asisitize pia kwamba vijiko vya nyumbani havilingani. Kipimo salama ni kile kinachokuja na dawa, kiwe kikombe kidogo au bomba la sindano lisilo na sindano. Kama hakuna, mwombe anayekupa dawa.

4. Fanyeni mazoezi ya kuuliza.
Wawili wawili, mmoja awe muuguzi, mwingine mgonjwa. Sentensi mbili zinatosha kwa kuanzia: "Please speak slowly" na "Please show me how much". Kisha wabadilishane. Kuuliza si ujinga. Tena sauti ikishazoea kuuliza hapa kati ya marafiki, huko dirishani haitatetemeka sana.

Mambo ya kuangalia

Msichekane. Mluo aseme kuon, Mluhya obusuma, Mkikuyu ngima na Mkongomani bugari. Ugali ni ule ule, na Kiingereza hakiji kufukuza lugha ya mtu. Ulizeni wanaofanya kazi kwa zamu ni siku gani wanapumzika, ndipo mpange. Kila mmoja alete kidogo alichonacho, ili chakula kisiwe mzigo kwa mama mmoja. Na watoto waje, maana mama hawezi kusoma huku moyo uko nyumbani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni karatasi gani ya Kiingereza inayotutia hofu zaidi hapa kwetu?
2. Ni maneno gani ya jikoni yanayoweza kutusaidia kuielewa?
3. Ni nani kati yetu amenyamaza kwa aibu, na tufanye nini ili aweze kusema?