Mgumu wa Mlimani, Hesabu Siku Zako

Masika yakiisha na mwezi Juni ukiingia, geti la Machame, la kupandia Mlima Kilimanjaro, huanza kujaa vijana tangu alfajiri. Kila mmoja ana begi lake mgongoni, anasubiri kusikia jina lake. Anayeitwa hupimiwa mzigo kwenye mizani, kilo 20 kwa kipimo cha hifadhi, kisha safari huanza: siku sita au saba kwa njia ya Machame, tano au sita kwa Marangu, hadi nane kwa Lemosho. Akishuka hulipwa, akibahatika hupata na bakshishi, halafu anarudi getini kusubiri kuitwa tena. Wageni wakipungua mwezi wa nne, wengi hurudi shambani au hushika bodaboda. Kwa kuingia na kutoka huku, waajiri na wagumu wenyewe, yaani wapagazi hawa wa mlimani, wamefika mahali pa kuamini kwamba kazi ya msimu haina sheria, na kwamba mgumu ni mtu wa kuitwa tu, si mwajiriwa. Si kweli. Hata hivyo imani hiyo imesimama juu ya jambo moja la kweli: haki nyingi za kazi Tanzania Bara hutegemea idadi ya siku ulizofanya kazi, na asiyeweza kuonyesha siku zake hujikuta nje ya mlango ambao sheria ilishamfungulia.

Tuanze na neno "mwajiriwa", maana hapo ndipo wengi wanapokatishwa tamaa. Kampuni husema: huyu tunamwita kwa safari moja moja, si mtu wetu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, katika kifungu cha 61, inasema kinyume. Mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba uwe wa namna gani, ikiwa walau moja kati ya hali zilizotajwa ipo, na ni juu ya mwajiri kuthibitisha vinginevyo. Hali hizo ni kama kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kupewa vifaa vya kazi, kuwa sehemu ya kikosi cha anayekuajiri, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kila mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sasa mtazame mgumu. Saa ya kuondoka kambini anapangiwa na kiongozi wa msafara. Hema analobeba ni la kampuni, na mgeni ni wa kampuni. Atakapolala usiku ameshaamuliwa. Kumwita mtu huyo mfanyabiashara huru ni mzaha, na sheria haikuuacha mzaha huo upite.

Ukishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako: ni kazi gani, inaanza lini, inafanyika wapi, saa ngapi, na kwa ujira gani. Asipokupa, na ugomvi ukafika mbele ya vyombo vya sheria, yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha au kukanusha kile unachodai mlikubaliana. Kwa mtu asiye na karatasi hata moja, sioni kifungu chenye nguvu kuliko hicho. Lakini kina sharti dogo ambalo wachache wanalijua: hakimhusu anayemfanyia mwajiri mmoja kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Safari moja ya Machame ya siku sita inatosha. Safari ya Marangu ya siku tano, ikiwa ndiyo pekee mwezi huo, haitoshi. Na safari inayoanza tarehe 29 ikaishia tarehe 3 inaweza kukatwa vipande viwili na wakili mwerevu, ionekane hukufikisha sita mwezi wowote. Ukiipata safari ya namna hiyo, ni vizuri kujua kwamba nyingine moja na kampuni ileile, hata fupi, inaweza kubadili hesabu.

Hesabu ya msimu mzima ina faida ambayo wengi huiacha mezani. Kwa kawaida aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Mfanyakazi wa msimu ametolewa wazi katika kanuni hiyo: anayo haki ya likizo, na msimu ukiisha mwajiri anatakiwa kumlipa sehemu ya likizo aliyojikusanyia, kwa kipimo cha ujira wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Chukulia mgumu aliyepanda na kampuni moja safari kumi za siku sita kati ya Juni na Oktoba. Hizo ni siku 60. Kama ujira wake ni shilingi 20,000 kwa siku, anadai takriban shilingi 92,000 juu ya alizokwisha kulipwa. Wapo watakaosema hiyo ni hela ndogo. Mwenye ada ya shule ya mtoto inayosubiriwa Januari hataiita ndogo. Vilevile, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki humfikia mwenye miezi sita kwa mwajiri mmoja, na sheria inasema miezi hiyo inaweza kutokana na mkataba mmoja au zaidi. Kwa hiyo hoja ya "kila safari ni mkataba mpya" haifuti peke yake muda uliokwisha kuutumikia.

Kuna mambo mawili yanayotokea siku ya malipo. La kwanza ni kusainishwa kiasi kikubwa kuliko ulichopokea mkononi, ili vitabu vya kampuni vionekane safi mbele ya wakala wa nje. Sheria inamkataza mwajiri kukutaka, au hata kukuruhusu, ukiri kupokea zaidi ya ulichopokea. La pili ni makato: fito ya hema imevunjika, chupa ya chai imepotea kambini Barranco, basi inakatwa kwenye hela yako. Makato ya hasara yanaruhusiwa tu ikiwa hasara ilitokea kazini kwa kosa lako, umetaarifiwa kwa maandishi, umepewa nafasi ya kujieleza, kiasi hakizidi hasara yenyewe, na jumla yake haizidi robo ya ujira. Kukatwa kwa neno la mdomo, pale pale kwenye boneti ya gari, hakutimizi masharti hayo. Na bakshishi? Hiyo ni zawadi ya mgeni. Mwajiri anayesema "mtajilipa kwa tipu" anamtwisha mgeni deni lake mwenyewe, na kwa maoni yangu hoja hiyo haina miguu, kwa kuwa kima cha chini kilichotangazwa na serikali kinamfunga mwajiri, hakimfungi mtalii.

Pingamizi kubwa halihusu sheria, linahusu njaa. Mgumu atasema: nikidai karatasi, safari ijayo sitaitwa, na walio getini wanaotaka nafasi yangu ni wengi. Ni kweli, na safu hii haitajifanya kwamba sheria inaweza kumlazimisha mtu kukuita. Ila kuhesabu siku hakuhitaji kumdai mtu chochote. Andika tarehe ya kupanda, ya kushuka, njia, jina la kampuni na kiasi ulicholipwa kwenye daftari la shilingi mia tano. Usifute ujumbe wa malipo ya simu. Hifadhi ujumbe wa kuitwa safari, maana siku hizi majina hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kumbuka pia kwamba wanaopanda huandikishwa getini, kwa hiyo daftari lako si neno lako peke yake. Jingine linaloumiza kimyakimya ni lile la kutoa "kitu kidogo" ili jina liingie kwenye orodha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiwahusu watumishi wa serikali peke yao. Anayeuza nafasi za mwajiri wake kwa siri anaweza kuingia ndani yake.

Wengi huamua kunyamaza hadi msimu uishe ndipo wadai. Busara hiyo ina mtego. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ukiwamo wa ujira, ndani ya siku 60. Hela uliyodhulumiwa mwanzoni mwa Julai ukiisubiria Oktoba, umechelewa. Unaweza kuiomba Tume ikubali shauri lililochelewa, lakini lazima utoe sababu ya msingi, na "niliogopa kukosa safari" ni sababu ngumu kuiuza. Tofauti ipo kwa malipo ya likizo ya msimu: kwa kuwa hudaiwa msimu unapoisha, siku zake hazianzi kuhesabiwa Julai. Asiyetaka kujitokeza peke yake anaweza kwenda kwa Afisa Kazi, ambaye ana mamlaka ya kuingia na kukagua sehemu ya kazi, au kudai pamoja na wenzake wa kikosi kile kile. Ukiteguka mguu au ukizidiwa na hewa nyembamba, hesabu ni nyingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri peke yake, na ajali inatakiwa itolewe taarifa ndani ya miezi 12. Anayefanya kazi za msimu Nungwi au Paje asitumie vifungu vya safu hii, kwa sababu Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake ya 2005.

Wenye kampuni ndogo nao wana lao: wageni hawatabiriki, karatasi zitatumaliza. Lakini sheria haiwazuii kuajiri kwa kazi mahususi, hata iwe safari moja, na maelezo yanayotakiwa yanaenea kwenye ukurasa mmoja unaoweza kujazwa wakati mizigo inapimwa. Tena ipo karatasi nyingine, ambayo mgumu anaweza kuiomba bila kumgombeza mtu. Ajira ikifika mwisho, mwajiri anawajibika kutoa hati ya utumishi. Shuka na safari yako ya mwisho kabla ya mvua, mpe mkono mwenye kampuni, kisha umwombe hati hiyo yenye tarehe ulizoanza na kumaliza.