Mtoto Yuko na Nani? Somo la Familia Kuhusu Kujiandaa kwa Volkano

Masomo: Luka 2:41-46, Mwanzo 41:33-36



Wengi wetu tulioko hapa Mahoko tumeshakimbia, wengine zaidi ya mara moja. Kwa hiyo volkano ikitajwa, wako wanaosema, "Tumekwisha kuona makubwa, mlima utatufanya nini?" Wengine wanasema kwamba kupanga habari za moto kabla haujaja ni kukosa imani. Leo tuyapime maneno hayo mawili.

1. MAMBO YALIYOTUKIA

Mlima Nyiragongo ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakavuka mpaka kuja Gisenyi. Siku chache baadaye, makumi ya watu walikufa waliporudi kuchota mafuta kwenye kituo cha petroli kilichozungukwa na lava ya moto, nacho kikalipuka. Tukumbuke mke wa Lutu (Mwanzo 19).

Mwaka 2021 moto ulikuja Jumamosi jioni, bila onyo. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba Goma na huku Rubavu pia, na tarehe 27 Mei wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama. Baada ya usiku ule wa kwanza, UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao.

2. WAZAZI WEMA NAO WANAPOTEZA MTOTO

Yosefu na Mariamu walikuwa wazazi wenye kumcha Mungu. Lakini walitembea safari ya siku nzima wakidhani Yesu yuko pamoja na ndugu zao katika msafara. Walimpata baada ya siku tatu. Upendo haukupungua wala imani haikupungua. Kila mmoja alidhani tu kwamba mtoto yuko na mwingine.

Ndivyo inavyotokea usiku wa volkano. Baba yuko kazini, mama yuko sokoni, watoto wako kwa jirani. Baba anadhani wako na mama, mama anadhani wako na shangazi, na umati unawasukuma wote. Simu nazo zinaweza kukosa mtandao. Kwa hiyo swali la "mtoto yuko na nani?" lijibiwe leo, kukiwa na utulivu.

Yusufu naye aliweka nafaka miaka saba kabla ya njaa. Hakuna aliyemwambia amekosa imani. Mungu alimwonyesha hatari ili ajiandae.

3. MAPATANO YA KILA NYUMBA

a) Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina, na wa pili ikiwa wa kwanza hayupo. Wazee na wagonjwa vilevile.

b) Chagueni mahali pawili pa kukutania: pamoja karibu na nyumbani, pengine mbali. Wenye jamaa Goma na Gisenyi wapatane nao pia.

c) Mtoto ajue jina lake kamili, majina ya wazazi na namba ya simu. Mdogo asiyeweza kusema, aandikiwe na karatasi ishonwe ndani ya nguo.

d) Vitambulisho, karatasi za ukimbizi na kadi za chanjo vikae katika mfuko mmoja wa plastiki, pamoja na dawa, tochi na shuka.

e) Lava ikija, ondokeni kando ya njia yake mkielekea mahali pa juu. Msikae mabondeni na msirudi kufuata vitu.

4. HATARI ZA HAPA KWETU

Katika milipuko hiyo mitatu lava haikufika Mahoko. Zinazotuhusu zaidi ni hizi:

Tetemeko: tokeni nje, mkae mbali na kuta. Nyumba iliyopasuka msilale ndani mpaka ikaguliwe.

Majivu: funikeni maji na chakula, fungeni pua na mdomo kwa kitambaa. Msinywe maji ya mvua yaliyopita juu ya bati lenye majivu. Kuyachemsha hakuondoi sumu yote.

Mazuku: hewa hii haionekani, ni nzito, nayo hukaa mashimoni na mabondeni. Mkiona mbuzi au ndege wamekufa shimoni, msishuke kuwatoa. Mtu anaweza kuanguka hapo hapo.

5. NA SISI TUTAKAOPOKEA

Mahoko iko kando ya barabara inayopanda kutoka Gisenyi kwenda Musanze. Watu wakikimbia tena, watapita mlangoni petu. Sisi tuliopokelewa tutajua namna ya kupokea. Ila jambo moja tulishike: ukimkuta mtoto peke yake, usimchukue kimya kimya nyumbani kwako, hata kwa huruma. Mpe maji, kisha mpeleke kwa kiongozi wa mudugudu na kwa Msalaba Mwekundu aandikwe. Mtoto aliyefichwa kwa upendo bado ni mtoto aliyepotea kwa mama yake.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Tukiondoka usiku huu, kila mtoto wetu yuko na nani?
2. Tutakutana wapi?
3. Ni jirani gani asiye na mtu wa kumshika mkono?

Kila familia ijibu kabla ya Jumapili ijayo. Wajane na watoto wanaoishi peke yao, kikundi cha akina mama kitawatembelea ili kujibu pamoja nao. Bwana atulinde sote, naye atupe hekima ya kulindana. Amina.