Mgonjwa wa Akili Si Mhalifu

Tuchukue mfano wa kijana aliyetoka mpakani Rusumo kuja Kigali kutafuta kazi. Usiku mmoja, mtaani Nyarutarama, anasimama langoni pa nyumba asiyoijua, akijibizana na mtu asiyeonekana. Mlinzi anapiga ukelele wa mwizi. Majirani wanatoka na fimbo. Je, aliye mbele yao ni mhalifu?

Huenda kijana huyu ana skizofrenia. Ugonjwa huu, ambao aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya 20, humfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, au aamini kwamba anawindwa. Kwake yeye, sauti hizo ni za kweli.

Magonjwa ya hisia ni mengine. Mwenye sonona hulemewa na huzuni kwa wiki 2 au zaidi, hukosa usingizi na hamu ya chakula, na pengine hufikiria kujiua. Wengine hupanda na kushuka: siku kadhaa hawalali, wanatapanya fedha na kujiona hawashindwi na lolote, kisha huanguka katika majonzi.

Wengi wa wagonjwa hawa hawamdhuru mtu. Mara nyingi wao ndio wanaopigwa na kuibiwa. Kwa hiyo tusimzingire mgonjwa wala kumcheka. Mmoja wetu aseme naye taratibu, kwa maneno machache, bila kubishana na sauti anazozisikia. Penye hatari tupige 112 kwa polisi au 912 kwa gari la wagonjwa, tukieleza mapema kwamba huenda ni ugonjwa.

Kumfunga kamba si tiba. Tuanzie kituo cha afya, ambacho kinaweza kumpeleka Hospitali ya Ndera, iliyomo wilaya ya Gasabo kama Nyarutarama yenyewe. Ng'ambo ya mpaka, Goma wanacho kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu wanacho Sosame.

Kwetu sisi wa mipakani, safari ina hatari yake: dawa huisha njiani, au mgonjwa huziacha kwa kuwa amepata nafuu, na maradhi hurudi. Anayesafiri abebe dawa za kutosha pamoja na karatasi ya daktari, na nyumbani wajue anakokwenda.

Hujafa hujaumbika. Kijana yule wa langoni angeweza kuwa mwana wa yeyote kati yetu. Fimbo na zishushwe kwanza, ndipo tumuulize jina lake.