Kodi ya Nyumba Katika Mji wa Glasgow

Mtu akikosa nguo mpya, aweza kuitia kiraka ile ya zamani na kungoja. Akikosa nyama, atakula mboga. Lakini mtu asiye na nyumba hawezi kungoja; jua likichwa hana budi kuwalaza watoto wake mahali. Kwa sababu hii mwenye kupangisha nyumba ana nguvu kubwa juu ya mpangaji, hasa wakati nyumba zinapokuwa chache na watu wengi. Jambo hili lilionekana wazi katika mji wa Glasgow mwaka 1915.

Glasgow ni mji mkubwa wa nchi ya Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Katikati yake hupita mto uitwao Clyde, na siku zile kando ya mto huo ziliundwa meli nyingi sana, za biashara na za vita. Wafanya kazi na jamaa zao walikaa katika majumba ya mawe yenye ghorofa tatu au nne. Kila jumba lilikuwa na mlango mmoja wa njiani na ngazi moja, na milango ya wapangaji wote ilielekea ngazi ile. Baadhi yao walikuwa na chumba kimoja tu, ndicho cha kupikia, cha kulia na cha kulala. Wengine walikuwa na viwili. Zaidi ya nusu ya watu wa mji walikaa hivyo. Choo kimoja kilitumiwa na watu wa nyumba kadha wa kadha. Mwenye jumba mwenyewe hakuonekana ila mara chache. Aliyekusanya kodi ni wakala wake.

Mwezi wa Agosti 1914 Vita Kuu ilianza. Wanaume wengi wa Glasgow wakaenda kupigana, na watu wengine wengi wakaja mjini kuunda meli na silaha. Watu wakazidi, lakini nyumba hazikuzidi, maana wajenzi na vyombo vya kujengea vilihitajiwa kwa kazi za vita. Basi mawakala wakaanza kupandisha kodi. Chumba kilikuwa kile kile, na ngazi ile ile yenye giza. Kilichobadilika ni hiki tu, kwamba mpangaji akikataa kulipa, nyuma yake yuko mwingine anayekitaka chumba chake.

Hebu fikiri habari za mama ambaye kodi yake ni shilingi 20 kwa mwezi. Ikiongezwa shilingi 3, kwa mwaka atatoa shilingi 36 zaidi. Fedha hizo si fedha za anasa. Ni makaa ya kuota wakati wa baridi kali, ni viatu vya watoto, ni maziwa ya mtoto mchanga. Na ikiwa mumewe yuko vitani, hana ila posho anayopewa na Serikali kwa ajili ya wake wa askari.

Mpangaji aliyeshindwa kulipa alishtakiwa, na wakala akapewa hati ya hakimu. Kisha walikuja watumishi wa korti, wakatoa kitanda, meza na masufuria, wakaviweka njiani, na mlango ukafungwa. Taabu ya watu hao haikuishia hapo. Walipokwenda kutafuta chumba kingine, wakala wa pili aliwauliza barua ya wakala wa kwanza, ya kushuhudia kwamba ni wapangaji wema walipao vizuri. Waliotolewa kwa deni wangeipata wapi barua ile? Wengi hawakuwa na njia ila kwenda kwa watu waliokodi majumba mabovu, wakayagawa vyumba vyumba, wakatia kitanda na viti vibovu, na kuvipangisha kwa juma au hata kwa usiku mmoja. Kwa hesabu ya mwaka, vyumba hivyo vilikuwa ghali kuliko vile vya kwanza, na vilikuwa vibaya zaidi. Hivyo aliyetolewa kwa kukosa fedha alilazimishwa kulipa fedha nyingi zaidi.

Katika mwaka 1915 habari ya askari mmoja iliwachoma watu moyo. Huyo alikaa Shettleston, upande wa mashariki wa mji. Yeye alikuwa ameumia vitani, na wanawe wawili walikuwa wakipigana Ufaransa. Mkewe alibaki nyumbani na watoto wadogo, na deni la kodi likampata, wala deni lenyewe halikufika pauni moja. Hata hivyo amri ya kumtoa ilitolewa. Siku ile ilipofika, majirani walikusanyika kwa mamia mbele ya nyumba, wakaziba njia, na yule mama na watoto wake hawakutolewa. Watu wakaulizana, ‘Je, baba na wana waende kuilinda nchi, na huku nyuma mama yao atupwe njiani?’

Katika sehemu ya mji iitwayo Govan aliishi Bibi Mary Barbour. Alizaliwa mwaka 1875 katika kijiji cha Kilbarchan, binti wa mfumaji wa mazulia, na mumewe alikuwa fundi katika viwanda vya meli. Hakuwa tajiri wala hakuwa na cheo, lakini alikuwa mtu wa shauri na subira. Mwaka 1914 wanawake wa Glasgow walikuwa wameunda chama cha kutetea nyumba za wapangaji, na Bibi Barbour akawa mmoja wa viongozi wao. Walikutana majikoni, ngazini na uani, wakaagana hivi: kodi ya zamani italipwa, bali nyongeza haitalipwa, na mwenzao akishtakiwa, hataachwa peke yake. Wakabandika karatasi madirishani, ili kila apitaye ajue ya kuwa wenye nyumba ile hawalipi nyongeza wala hawahami.

Wanaume mchana walikuwa kazini, kwa hiyo ulinzi ulikuwa juu ya wanawake. Mmoja aliketi karibu na mlango wa njiani na kengele mkononi. Alipowaona watumishi wa korti wanakuja, alipiga kengele, na wanawake wote wakaacha kazi zao wakajaa ngazini. Silaha zao zilikuwa vifuko vya unga na nguo mbichi zilizotoka kufuliwa. Watumishi wa korti walirudi wamejaa unga, na vyombo vya mpangaji vikabaki mahali pake. Mwanamke mmoja asingaliweza kuwazuia. Lakini, kama wasemavyo wazee, kidole kimoja hakivunji chawa. Hata ilipofika Novemba, nyumba zilizokataa kulipa nyongeza zilikuwa zimepata 20,000 hivi.

Mawakala walipoona hawawezi kuwatoa watu, waligeuza njia. Waliwashtaki wapangaji 18 hivi, wengi wao mafundi wa kazi za vita, katika korti ya madeni madogo, ili deni likatwe katika mishahara yao. Kesi iliwekwa siku ya 17 Novemba 1915. Siku hiyo mafundi wa viwanda kadha wa kadha waliweka vyombo chini, wanawake wakatoka majumbani, na maelfu ya watu wakaandamana hata mbele ya korti. Wanawake wale waliitwa Jeshi la Bibi Barbour. Wajumbe wakaingia kwa hakimu, wakamweleza ya kuwa wapangaji wakihukumiwa, kazi itasimama. Serikali ilijua maana ya neno lile, kwa kuwa vita havikungoja. Basi mashtaka yakaondolewa.

Kabla ya mwaka kwisha, yaani mwezi wa Desemba 1915, Baraza Kuu la Uingereza lilitunga sheria. Sheria hiyo iliamuru kwamba kodi ya nyumba ndogo isizidi kodi ya mwanzo wa vita, Agosti 1914. Na mpangaji aliyelipa kodi hiyo asitolewe pasipo sababu zilizotajwa katika sheria. Haikuwa kwa Glasgow tu, bali kwa nchi yote. Wenye nyumba nao walikuwa na neno lao: wengi wao walinunua majumba kwa fedha za kukopa, na wakopeshaji walikuwa wakitaka riba kubwa zaidi. Kwa hiyo sheria ilikataza pia kupandisha riba ya mikopo hiyo. Ni haki kwamba anayezuiwa kumlemea mdogo wake, naye asilemewe na mkubwa wake.

Sheria iliwekwa kwa muda wa vita na miezi 6 baadaye, lakini muda wake uliongezwa mara kwa mara, kwa sababu upungufu wa nyumba haukuisha vita vilipokwisha. Baadaye sheria za namna hii zilitungwa katika nchi nyingine nyingi, hata Kenya na Tanganyika.

Lakini mtu asidhani kwamba sheria ya kodi yatosha peke yake. Sheria yaweza kuzuia kodi isipande. Haiwezi kufyatua tofali wala kuezeka paa. Wako wenye nyumba waliosema kwamba kodi ndogo haitoshi kutengeneza, wakaacha majumba yaharibike. Na aliyekuwa hana chumba hakupewa chumba na sheria hiyo. Mwaka 1917 tume iliyochunguza nyumba za Uskoti ilitoa taarifa yake, ikaonyesha ubaya wa nyumba za watu wengi na upungufu wake mkubwa. Mwaka 1919 sheria nyingine ilizipa halmashauri za miji kazi ya kujenga nyumba za kupangisha, kwa msaada wa fedha za Serikali. Nyumba hizo mpya za Glasgow zilikuwa na hewa na nuru, na nyingi zilikuwa na bustani. Hata hivyo, kodi ya nyingi katika hizo za kwanza ilikuwa kubwa kwa wale maskini kabisa, nao waliendelea kungoja miaka mingi. Hapo yaonekana kwamba haitoshi kuuliza, ‘Zimejengwa nyumba ngapi?’ Yafaa kuuliza pia, ‘Ni nani awezaye kulipa kodi yake?’

Bibi Barbour hakuacha kazi aliyoianza. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa diwani, akiwa mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia katika baraza la mji wa Glasgow. Huko alitetea nyumba bora, maziwa ya watoto na matibabu ya akina mama. Alifariki mwaka 1958, na mwaka 2018 sanamu yake ilisimamishwa Govan, ikimwonyesha yeye mbele na watu nyuma yake.

Katika Torati, mtu aliyemkopesha jirani yake aliamriwa asiingie nyumbani mwake kutwaa rehani, bali asimame nje mpaka mwenye deni amletee. Deni ni deni, na sheria hiyo haikulifuta. Lakini iliweka mpaka mlangoni, ili mwenye nguvu asiingie. Wanawake wa Glasgow hawakuomba kukaa bure. Walitaka kulipa kodi ya haki, na walitaka mlango wa maskini uwe na mpaka.

MASWALI

1. Kwa nini kodi ilipanda Glasgow, na hali vyumba havikutengenezwa?
2. Mtu aliyetolewa nyumbani alipata taabu gani alipotafuta chumba kingine?
3. Wapangaji waliagana kulipa nini, na kukataa nini? Eleza tofauti yake na kukataa kulipa kabisa.
4. Sheria ya Desemba 1915 iliwasaidiaje wapangaji? Iliwasaidiaje wenye nyumba waliokopa?
5. Sheria hiyo haikuweza kufanya nini?
6. Hesabu: Kodi ya chumba ni shilingi 18 kwa mwezi, nayo yaongezwa shilingi 2 na nusu. Mpangaji atalipa shilingi ngapi zaidi kwa mwaka? Ukikumbuka kwamba pauni moja ilikuwa shilingi 20, ni pauni ngapi na shilingi ngapi?
7. Andika maneno ya wajumbe walipomweleza hakimu shida ya wapangaji. Tumia sentensi kumi.