Kansa ya ovari: tunzeni picha za zamani

Ndugu mfanyakazi, bibi yako akiisha kupasuliwa kwa ajili ya kansa ya ovari, yaani vifuko vya mayai, aendelee kupimwa, kwani ugonjwa huu waweza kurudi. Tumbo likivimba, akishiba upesi au akikojoa mara kwa mara, msingoje.

Ekografi huonyesha maji tumboni na uvimbe mkubwa. Skana huonyesha zaidi: ini, matezi, utando wa tumbo. Lakini vipande visivyofika sentimeta 1 vyaweza kufichika. Basi picha ikiwa safi na dalili zikiendelea, mrudi kwa mganga.

Toka Bafwasende hadi Kisangani ni zaidi ya kilometa 200. Msisahau picha za zamani: akizilinganisha, mganga hutambua lililo jipya.